Bila Shingadi, Usiingie Uwanjani

Mechi za mpira zinazochezwa Mbalizi kila Jumamosi na Jumapili, za mtaa kwa mtaa, kijiwe kwa kijiwe na hata za mashindano yenye kombe, nyingi huanza na wachezaji ambao miguu yao haina kinga yoyote. Mwamuzi anahesabu wachezaji, anauliza nani nahodha, anatazama kama jezi za makipa zinatofautiana na za wenzao, kisha anapuliza filimbi. Magoko hayatazami. Gazeti hili linasema jambo hilo likome, na likome kabla ya mashindano ya kiangazi kijacho.

Tunazungumzia vikinga ugoko, shingadi kama wachezaji wenyewe wanavyoviita, vile vibao vya plastiki vyenye sponji kwa ndani vinavyokaa chini ya soksi. Havimfanyi mtu kuwa mchezaji bora. Havionekani. Ndiyo maana kijana akipata fedha kidogo ananunua njumu kwanza, kisha jezi yenye jina la staa wake, na shingadi anaiacha hadi siku atakayoazimwa.

Sheria haina utata hata kidogo. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu, inayohusu vifaa vya mchezaji, inataja vitu vitano ambavyo kila mchezaji lazima awe navyo: jezi yenye mikono, bukta, soksi, shingadi na viatu. Shingadi zinatakiwa ziwe za kitu kinachofaa, zitoe kinga ya kuridhisha na zifunikwe na soksi. FIFA ililifanya jambo hili kuwa la lazima mwaka 1990. Mchezaji akivukwa na shingadi kwa bahati mbaya mpira ukiendelea, anaruhusiwa kucheza, na akifunga goli linahesabiwa, lakini lazima aivae tena kabla mpira haujatoka nje mara inayofuata. Sheria inayojali hata sekunde hizo chache ndiyo ileile ambayo kwetu inaachwa dakika 90 nzima.

Tena kifaa chenyewe si kipya. Mwaka 1874 mchezaji wa Nottingham Forest ya Uingereza, Sam Widdowson, alichoka kupigwa mateke ya ugoko, akachukua pedi za kriketi, akazikata zikawa fupi na kuzifunga juu ya soksi. Karne moja na nusu imepita tangu hapo.

Lakini hatutaki mtu avae shingadi kwa sababu tu kitabu cha sheria kimesema. Mchezaji ana haki ya kuuliza: zinasaidia kweli? Jibu la uaminifu ni kwamba zinasaidia sana kwa mambo fulani, zinasaidia kiasi kwa mengine, na kwa mengine hazisaidii kabisa. Ukimficha kijana hilo la mwisho, siku atakapomwona mwenzake amevunjika akiwa amezivaa atasema wazee walitudanganya, na atazitupa.

Pitisha kidole mbele ya mguu wako kuanzia chini ya goti hadi juu ya kifundo. Upande wa ndani utagusa mfupa moja kwa moja. Hakuna nyama pale. Kuna ngozi, na chini ya ngozi kuna mfupa. Nyuma ya mguu msuli mnene unapokea pigo kabla ya mfupa, lakini mbele hakuna cha kulipokea. Ndiyo maana teke dogo la ugoko linauma kuliko teke kubwa la paja, na ndiyo maana mfupa wa pale ukivunjika ni rahisi utoboe ngozi na kutoka nje, hapo vumbi na uchafu wa uwanja vikaingia kwenye jeraha.

Shingadi inafanya kazi mbili. Gamba la nje, lililo gumu, linachukua pigo la nukta moja, tuseme la jino la njumu, na kulitawanya kwenye eneo pana. Sponji ya ndani inabonyea na kumeza sehemu ya nguvu iliyobaki. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walipima aina 23 za shingadi kwa kuzifunga kwenye mguu wa bandia na kuupiga kwa uzito. Zote zilisaidia. Nguvu iliyoufikia mguu ilipungua kwa asilimia 11 hadi 17, na mkunjo wa mfupa wenyewe, yaani kile kinachoamua kama utavunjika au la, ulipungua kwa asilimia 45 hadi 51. Hiyo ni karibu nusu, na si kidogo kwa kifaa ambacho bei yake iko chini ya bei ya njumu za mtumba pale Mwanjelwa.

Sasa upande wa pili. Wapenzi wa Arsenal, nao ni wengi Mbalizi kama ilivyo kila kona ya Mbeya, wanamkumbuka Eduardo akivunjika mguu Birmingham mwezi Februari 2008, na Aaron Ramsey akivunjika kule Stoke Februari 2010. Wa Manchester United wanamkumbuka Luke Shaw usiku wa Septemba 2015 huko Uholanzi, dhidi ya PSV. Wote watatu walikuwa wachezaji wa kulipwa katika ngazi ambayo huwezi kukanyaga nyasi bila shingadi. Daktari mmoja na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa wachezaji 31 waliovunjika mifupa ya mguu wa chini kwenye mpira, wakakuta kwamba wengi wao walikuwa wamevaa shingadi walipovunjika. Rafu ya mtu mzima anayekuja kwa kasi, miguu miwili hewani, uzito wote wa mwili nyuma ya njumu, haizuiwi na kibao cha plastiki. Hakuna shingadi ya namna hiyo duniani.

Wengine husikia habari hizo na kuhitimisha kwamba basi haina maana kuzivaa. Tunawapinga kwa nguvu zote. Mifupa inayovunjika uwanjani ni michache. Kinachotokea kila mechi, tena mara nyingi katika mechi moja, ni teke la kawaida: mshambuliaji anakokota, beki anachelewa kidogo, njumu inampata ugokoni. Bila shingadi teke hilo linaacha uvimbe wa wiki mbili au kidonda kilichochanika. Pamoja na shingadi anasimama, anajifuta vumbi na kuendelea. Hapo ndipo kifaa hiki kinapolipa gharama yake.

Na kidonda cha ugoko kwa kijana wa Mbalizi si jambo dogo. Mchezaji wa Ligi Kuu akichanika, kuna mtu wa kumsafisha jeraha na mshahara unaingia. Wachezaji wetu ni waendesha bodaboda, saidia fundi, wabeba mizigo sokoni, wakulima wa viazi na mahindi, wanafunzi. Asubuhi ya Jumatatu mguu ule unatakiwa ukanyage gia ya pikipiki au uingie shambani kwenye udongo na mbolea. Kidonda cha mbele ya mguu kinachelewa kupona kwa sababu ngozi ya pale ni nyembamba na damu inayofika ni kidogo, na kikiingia uchafu kinakuwa donda la miezi. Kila mtu anayefika viwanjani anamjua angalau kijana mmoja mwenye kovu jeusi mbele ya mguu, ambaye atakueleza lilianza kama mkwaruzo wa mpira.

Mfupa ukivunjika kweli, hesabu ni nyingine kabisa. Mfupa mkubwa wa mguu wa chini kwa mtu mzima huchukua kwa kawaida miezi minne hadi sita kuunga. Katika uchunguzi ule wa wachezaji 31 wa Marekani, waliovunjika mifupa yote miwili walichukua kwa wastani wiki 40 kurudi uwanjani, na wale walikuwa watu wenye hospitali za karibu na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa kijana anayelisha familia kwa bodaboda aliyopewa kwa mkataba, mwenye pikipiki hasubiri wiki 40.

Kwa hiyo tunataka shingadi. Tunataka pia shingadi za kweli. Siku hizi umeingia mtindo wa vibao vidogo mno, vingine havizidi kiganja cha mtoto, vinavyowekwa chini kabisa karibu na kifundo huku soksi imeshushwa. Vijana wamemwona Jack Grealish akicheza hivyo, na Bukayo Saka naye, wakaona ndiyo ustaarabu. Bodi inayotunga sheria za mpira duniani ilibidi iandike waziwazi, kuanzia msimu wa 2024/25, kwamba ukubwa wa shingadi na kufaa kwake ni wajibu wa mchezaji mwenyewe. Maana yake ni kwamba ukivunjika ukiwa na kibao cha kiganja, usimlaumu mwamuzi. Saka analindwa na marefa, na kamera zinatazama kila rafu. Beki wa kijiji cha jirani anayemfuata winga wetu kwenye uwanja wa mteremko hatazamwi na mtu ila mashabiki wa kwao.

Shingadi inayofaa inaanzia juu kidogo ya mahali mguu unapokunjwa na kuishia vidole vitatu au vinne chini ya goti. Haizunguki ukikimbia. Gamba lake halina ufa. Za mtumba zinafaa, mradi sponji haijakauka ikawa ngumu, kwa sababu sponji iliyokufa inapeleka pigo lote mguuni. Ukipata yenye maandishi EN 13061, hicho ni kipimo cha Ulaya kwa shingadi za mpira wa miguu, ichukue. Shingadi ya kaka mkubwa kwa mtoto wa miaka 11 si sahihi: inampanda gotini na kumzuia kukimbia, ataitoa kabla ya dakika ya kumi.

Kuna vibao vya kujitengenezea. Maboksi ya sabuni yaliyokunjwa, vipande vya dumu la mafuta ya kula, hata vifuniko vya ndoo. Hatuwacheki wanaovitumia. Mtoto anayeweka boksi ndani ya soksi ameelewa jambo ambalo watu wazima wanaoandaa mechi hawajalielewa. Lakini boksi likilowa halina kazi, na Mbeya inanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Kipande cha dumu kisichochongwa kingo kinaweza kumchana mwenye mguu kabla hajaguswa na mpinzani. Kwa mazoezi ya watoto, boksi nene kavu ni afadhali kuliko ngozi tupu. Kwa mechi ya mashindano halitoshi.

Na tusizungumzie kinga ya anayepigwa tukasahau kiatu kinachopiga. Njumu za mtumba nyingi zina meno yaliyolika upande mmoja yakawa makali, na zile za meno ya kufunga hubaki na skrubu tupu jino likidondoka. Mwamuzi ainue kila mguu autazame kwa chini. Ni kazi ya dakika tatu kwa timu. Halafu kuna mechi ambazo nusu ya watoto wanacheza peku na nusu wana njumu. Hiyo ni hatari ambayo shingadi haiitibu. Wote wavue, au wote wavae.

Tuje kwenye kifundo, enka. Hapa shingadi nyingi hazifiki kabisa, na zile zenye mabawa ya kufunika mifupa ya kifundo zinazuia michubuko tu, hazizuii kuteguka. Na kuteguka ndiko kunakowatoa vijana wetu uwanjani kuliko teke la ugoko. Viwanja vya Mbalizi vinafahamika: kiangazi ni vigumu na vina mashimo yaliyochongwa na kwato za ng'ombe wakati wa masika, vikakauka hivyohivyo. Mguu unaingia shimoni, unapinduka kwa ndani, enka inavimba.

Jibu la tatizo hili limetoka Afrika yetu hii. Watafiti wa Afrika Kusini waliwafuatilia wachezaji wa mpira zaidi ya 500 kwa msimu mzima na kuchapisha matokeo mwaka 1994. Baadhi walipewa kikinga enka chenye vibao viwili vya pembeni na mikanda ya kufunga, wengine hawakupewa. Kwa wale ambao enka zao zilishawahi kuteguka, kikinga kilipunguza kuteguka tena kwa kiasi kikubwa mno: hatari ilishuka hadi karibu sehemu moja ya tano. Kwa wale ambao hawajawahi kuteguka, hakikuleta tofauti ya maana.

Matokeo hayo yanamwambia kila kocha wa mtaani afanye nini kesho. Aulize wachezaji wake nani aliwahi kuteguka. Huyo ndiye anayehitaji kikinga enka, au angalau mguu uliofungwa vizuri kwa bandeji ya kuvutika na mtu anayejua kufunga. Wengine wasipoteze fedha. Na aliyeteguka jana asirudishwe uwanjani leo eti kwa sababu amefungwa bandeji mbili na fainali ni yetu. Tumeshaona makocha wakifanya hivyo kwa mchezaji wao bora, na mchezaji bora huyo anageuka kuwa yule anayekaa pembeni ya uwanja akihadithia jinsi alivyokuwa akicheza.

Soksi ya goti, ile ya mpira mweusi ambayo wachezaji wenye umri mkubwa wanapenda kuivaa, inatia joto na kumpa mtu imani. Hailikingi goti lisipinduke. Kano ya ndani ya goti inakatika mchezaji anapogeuka kwa ghafla huku mguu umekita, na kitambaa hakiwezi kushika nguvu hiyo. Mwenye maumivu ya goti ya kudumu apimwe. Asifunike tatizo kwa soksi. Misuli nayo, hasa ya nyuma ya paja, haina kivalio. Kwa wachezaji wa kulipwa wa Ulaya, karibu theluthi moja ya majeraha yote ni ya misuli, na hakuna shingadi, kikinga wala soksi inayoyafikia.

Kinachoyafikia ni mazoezi ya kupasha mwili yaliyopangwa. Tunajua neno hilo limewachosha vijana. Kupasha kwetu ni kukimbia raundi mbili, kuchezea mpira na kupiga mashuti golini kwa kipa aliyepoa. Uwanjani Mbalizi mwezi Juni na Julai, wakati baridi ya Nyanda za Juu inapowalazimisha mashabiki kuja na makoti, misuli baridi inapelekwa kwenye mbio za kasi katika dakika ya kwanza, na dakika ya sita mtu ameshika paja.

FIFA inao mpango unaoitwa 11+, unaochukua dakika 20 hivi. Unaanza na mbio za taratibu zenye kugeuka na kugusana mabega, unaingia kwenye mazoezi ya nguvu, ya mizani na ya kuruka, unamalizika kwa mbio za kasi. Mazoezi yake ni 15 na hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na mwenzako. Norway waliujaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 na kutangaza matokeo mwaka 2008: majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Wanaosema hayo ni ya Wazungu wasome ya Lagos. Mwaka 2014 watafiti wa Nigeria walichapisha matokeo ya wachezaji vijana 416 wa timu 20 za jiji lile, wavulana wa miaka 14 hadi 19. Timu zilizofanya 11+ zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na desturi yao, na majeraha ya miguu yalipungua kwa asilimia 48.

Hakuna kifaa cha kuvaa mguuni, cha bei yoyote, chenye rekodi kama hiyo kwa mwili mzima. Tunalisema hili ndani ya tahariri inayodai shingadi kwa sababu vitu hivi viwili havishindani. Shingadi inashughulikia pigo linalotoka kwa mwenzako. Mazoezi yanashughulikia mwili wako mwenyewe. Timu inayovaa shingadi mpya na kuingia uwanjani bila kupasha imefunga dirisha ikaacha mlango wazi.

Kinga nyingine iko mfukoni mwa mwamuzi. Rafu zinazovunja miguu ni za aina inayojulikana: kumwingia mtu kwa nyuma, kuteleza kwa miguu miwili, kukanyaga goko mpira ukiwa umeshaondoka. Kabla ya Kombe la Dunia la 1998 Ufaransa, FIFA iliagiza rafu ya nyuma inayohatarisha usalama wa mchezaji iadhibiwe kwa kadi nyekundu moja kwa moja. Katika mechi za mtaani mwamuzi anaogopa kuitoa kadi hiyo kwa sababu anajua atakavyorudi nyumbani, na pengine anaishi mtaa mmoja na aliyecheza rafu. Hilo ni jukumu la waandaaji. Anayemkodi mwamuzi ampe ulinzi, na timu ambayo mashabiki wake wanamvamia mwamuzi iondolewe kwenye mashindano, hata kama ndiyo yenye mashabiki wengi.

Tunajua jibu litakalokuja: fedha hamna. Tuangalie fedha zinapokwenda. Mashindano ya mtaani yana kiingilio cha timu. Yana mgeni rasmi na viti vya kukodi, yana spika zinazosikika hadi barabara kuu ya Tunduma. Bingwa anapewa ng'ombe, wa pili mbuzi, na wa tatu mpira na jezi. Diwani anachangia, wafanyabiashara wa soko wanachangia, mgombea akinusa uchaguzi anachangia maradufu. Katika fedha hizo jozi 22 za shingadi zinapatikana bila mbuzi kukosekana. Wala si lazima kila mchezaji awe na zake siku ya kwanza: mechi moja inahitaji jozi 22 na chache za akiba, zinavaliwa, zinafutwa kwa maji na sabuni, zinakaushwa, zinavaliwa na timu za mechi ya pili. Mashindano yanayochezwa katika uwanja mmoja yanaweza kuendeshwa msimu mzima kwa seti moja. Na mdhamini anayetaka jina lake lionekane aliandike kwenye begi la kuzibebea.

Tungependa pia zawadi zibadilike. Timu iliyoshika nafasi ya tatu ikipewa seti kamili ya shingadi pamoja na vikinga enka vitatu, imepewa kitu kitakachokuwepo mwakani. Mbuzi analiwa usiku uleule.

Shuleni hakuna hata sababu ya kujadili. UMITASHUMTA na UMISSETA ni michezo ya serikali, wachezaji ni watoto waliokabidhiwa kwa walimu, na hakuna mzazi aliyetia saini mwanawe akavunjwe mguu kwa jina la shule. Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya ina ofisi ya michezo. Iagize kwamba mwanafunzi asiye na shingadi hachezi, kuanzia mechi za kata, na iwape walimu wa michezo karatasi moja yenye mazoezi ya 11+. Wasichana wasiachwe nyuma katika hili. Timu zao zinaongezeka, na mara nyingi vifaa vikiwa vichache vinapewa wavulana kwanza, ilhali goti la msichana ndilo lililo katika hatari kubwa zaidi ya kukatika kano. Katika utafiti wa Norway waliofaidika ni wasichana watupu.

Siku mfupa utakapovunjika licha ya yote haya, kwa sababu siku hiyo itakuja, watu waliopo wajue la kufanya. Mguu usivutwe. Usichuliwe. Usikandwe kwa maji ya moto. Ufungwe kwa vibao viwili au hata matawi yaliyonyooka, kuanzia juu ya goti hadi chini ya kifundo, kama ulivyo, na kama kuna jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Mgonjwa apelekwe akiwa amelala, si katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Hospitali ya Ifisi iko hapahapa Mbalizi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya mjini. Hakuna sababu ya mfupa uliotoboa ngozi kulala nyumbani ukisubiri mtu wa kuunga kwa mitishamba, kisha ufike hospitali wiki ya tatu ukinuka. Aliyefungwa hogo naye aache kulikata mwenyewe kwa kisu eti amepona kwa sababu hasikii maumivu.

Mkoa huu unaupenda mpira kuliko mikoa mingi. Mbeya City ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Uwanja wa Sokoine ukifurika watu. Jirani zetu wa Iringa waliifikisha Lipuli fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Vijana wanaotazamia kufuata njia hiyo wanaanzia kwenye viwanja kama vyetu, na mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wapo wenye kipaji cha kutosha ambao hawatafika popote kwa sababu mguu ulikwisha wakiwa na miaka 17.

Waandaaji wengine watasema wakizuia wasio na shingadi mechi hazitachezwa, mashabiki watakasirika, timu zitahamia mashindano ya jirani. Hilo linaweza kutokea mara moja, labda mara mbili. Timu itakayonyimwa mechi Jumamosi itakuja na shingadi Jumamosi inayofuata, kama timu zilivyojifunza kuja na jezi za rangi moja pale waamuzi walipokataa kuchezesha watu waliovaa mchanganyiko. Tunaomba waamuzi wa Mbalizi wakubaliane wote kwa pamoja, ili timu isipate wa kumkimbilia: mchezaji akifika mstari wa kuingilia ashushe soksi, aonyeshe, aingie. Asiye nazo akae benchi hadi aazime.